Nyuma ya Kadi

Wamarekani wana kadi za wachezaji wa zamani wa besiboli: mbele picha, nyuma takwimu za kila msimu. Kadi kama hiyo ya mwanariadha wetu wa Tanzania, Filbert Bayi, ambaye shule zenye jina lake ziko Kibaha, ingesomeka hivi: 1974, Christchurch, mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, tena akiongoza tangu mwanzo. John Walker alimfukuza mpaka utepe, asimpate. 1975, Kingston, rekodi ya maili. 1980, Moscow, medali ya fedha.

Na 1976? Mstari mtupu. Tanzania iligomea Olimpiki ya Montreal, maana New Zealand, iliyopeleka timu ya raga Afrika Kusini kwa makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Dhahabu ya mita 1500 akaichukua Walker, raia wa New Zealand hiyo hiyo.