Vitanga Viwili vya Mizani

Kila masomo yanapofunguliwa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, husikika sentensi moja ambayo imeanza kunikera: "Mwalimu, malipo yako yako kwa Mungu." Si ya uongo, ila husemwa mahali pa mshahara. Katika shule za Kiislamu zenye mkataba na serikali huvalishwa kanzu nzuri zaidi: nia, ikhlasi, subira. Mwalimu anayechelewa, kisha akanakili ubaoni somo la mwaka jana, huambiwa imani yake imepungua.

Wakuu wa shule hupenda kumsomea sura ya 83 ya Qurani, inayowakemea wanaopunja vipimo: usiibe saa za watoto. Sawa, lakini mizani ina vitanga viwili, na sura hiyo yamkemea pia anayedai kazi kamili huku akitoa pungufu. Mtume aliagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho halijamkauka. Tena sira za Mtume zasimulia kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka 624, mateka waliojua kuandika lakini hawana fidia walijikomboa kwa kufundisha watoto kumi kumi wa Madina. Walimu wale hawakuwa hata Waislamu! Kazi yao ilihesabiwa kama mali, wala hakuna aliyewahimiza wangoje thawabu.

Nitajibiwa kwamba mshahara hutoka Kinshasa, na direkta, yaani mkuu wa shule, hana hazina. Kweli. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa bure Septemba 2019, primu, yaani mchango wa wazazi kwa walimu, imekatazwa, na walimu wa NU, wasiomo bado kwenye orodha ya malipo, wakabaki na chaki mikononi na mfuko mtupu. Lakini direkta ndiye anayejua pesa za uendeshaji zimefika lini na zimekwenda wapi. Ndiye anayepanga vipindi. Ndiye anayepeleka majina ofisini. Shura, yaani kushauriana, iliyotajwa katika sura ya 42, ingemtaka afungue daftari la pesa hizo mbele ya walimu wote, na asimpe NU vipindi sawa na anayelipwa, ili apate siku mbili za shamba. Ingemtaka pia aulize kabla ya kuhukumu: Beni watu wamekuwa wakiuawa tangu Oktoba 2014, na huenda asiyefika amelala njiani akikimbiza watoto wake. Na mji huo, ambamo Sheikh Ali Amini alipigwa risasi msikitini tarehe 1 Mei 2021 baada ya kuwapinga waasi wa ADF wanaoua kwa jina la dini, hauhitaji mawaidha mengi, bali matendo. Mwalimu Mkristo katika shule ya Kiislamu ataijua dini ya mkuu wake kwa ratiba na kwa daftari la pesa.

Je, mwalimu ahalalishiwe uzembe? Hasha. Direkta aliyefungua hesabu ana haki ya kudai maandalio ya somo, na hata kumwandikia barua asiyefundisha. Asiyefungua, aiache sura ya 83 kwanza, au aisome akiwa peke yake ofisini.