Mbwa wa Mawindo na Ndege Isiyo na Rubani

Ndege nyuki inayoongozwa na mtu aliye mbali haiwapi wanafikihi taabu kubwa, kwa kuwa kidole kilichobonyeza kitufe kina mwenyewe, na umbali haujapata kumfutia muuaji dhambi yake. Taabu huanza pale ndege inapojichagulia shabaha. Ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Libya, ya mwaka 2021, ilitaja silaha za aina hiyo, ikiwemo Kargu-2 ya Uturuki, zilizopangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji. Mwanafalsafa Robert Sparrow alikwisha kudai mwaka 2007 kwamba silaha kama hizo zingeacha pengo la uwajibikaji, yaani kifo kisicho na wa kulaumiwa kwa haki.

Fikihi, ambayo ni elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, ina mfano wa kale unaolijibu dai hilo kwa sehemu. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na wanavyuoni wengi wakashurutisha kwamba mwindaji ndiye amtume: mbwa akichomoka mwenyewe na kuua, nyama hiyo hailiwi. Nia, basi, hukaa kwa mtumaji, na afisa anayesema kwamba mashine ndiyo iliyoamua hana pa kujificha.

Hata hivyo mfano huo unakatika mahali unapohitajika zaidi. Wanavyuoni walipotofautiana kuhusu mbwa aliyetumwa kwa paa mmoja akamkamata mwingine, kilichobishaniwa kilikuwa kitoweo, na kwa kitoweo paa yeyote anafaa. Mwanadamu hana badala. Damu yake ina hifadhi mpaka ithibitike vinginevyo juu yake yeye mwenyewe, si juu ya umbo linalofanana naye katika kamera, na mrushaji aliyekusudia yeyote mwenye sifa fulani, kwa kweli, hajamkusudia mtu.

Huko Muhanga, Rwanda, ambako ndege zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini mwaka 2016, hakuna aliyeuliza thawabu ni za nani. Kisanduku kinachoshuka kwa mwavuli wa karatasi kimeagizwa na mhudumu wa afya, ambaye hutoka nje kukiokota, akijua anakwenda kumtundikia nani damu hiyo.