Je, Yafaa Kumtibu Mnyama kwa Neno la Kwenye Simu?

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu hapa Shieywe, Kakamega, tumeulizwa suala ambalo wazee wetu hawakuulizwa: mtu aonapo usiku paka wake amevimba uso, au mbwa wake wa ulinzi atetemeka kwa sumu, na daktari wa mifugo yu mbali, je, yafaa atafute dawa katika intaneti na kuitumia?

Jawabu letu ni kwamba kuuliza si kosa, bali ni wajibu. Mnyama tuliyemfuga ni amana. Sote twazijua hadithi, zimo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, za mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia hata akafa, na za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Basi asemaye, "Ni mnyama tu," na ajue kuwa hana udhuru.

Lakini twamwuliza nani? Qur'ani yatuamrisha kuwauliza wenye ilimu, si kila asemaye. Tazameni parasetamoli. Kwetu sisi ni dawa ya maumivu. Kwa paka ni sumu, kwani ini lake haliwezi kuivunja. Damu hushindwa kuchukua hewa, ufizi hugeuka rangi, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Aliyeandika, "Mpe kidonge," pengine alikuwa na huruma. Lakini huruma bila ilimu huua. Vile vile wako wammiminiao mbwa aliyekula sumu maziwa au mafuta: mbwa aliyelegea hamezi sawasawa, na kilichokusudiwa kumwokoa chaweza kuingia mapafuni.

Watu watasema, "Penye dharura, si afadhali neno la mbali kuliko kukaa bure?" Hoja hii ina uzito, nasi hatuikatai yote. Neno la kuondoa dhara, kama kumtenga mnyama na sumu na kuhifadhi pakiti yake ili daktari aione, si vigumu kulikubali. Ama neno la kumtia kitu tumboni, tusilipokee ila kwa daktari anayejulikana, hata akiwa kwenye simu. Dharura huhalalisha kwa kadiri yake, haihalalishi ujinga.

Na mbwa mwenye kichaa akimng'ata mtu, hapo si pa kutafuta-tafuta. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, kwani dalili zikishadhihiri kupona ni nadra mno. Tangu mwaka 2014 Kenya ina mpango wa kuukomesha ugonjwa huu ifikapo 2030.

Wanavyuoni wamesema kuwa ajitiaye utabibu bila kujulikana kwa utabibu, akidhuru, hudhamini. Basi na ajihadhari asambazaye dawa asiyoijua. Sisi tukatazao hirizi kwa kukosa dalili, vipi tutafuata maandishi ya asiyejulikana kwa kuwa tu yang'aa kiooni? Kufuata kibubusa ni kule kule.

Twawausia, kabla ya usiku wa shida kufika, kila mwenye mnyama aandike nambari ya daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo ya Kenya, aiweke ukutani. Kujiandaa ni sehemu ya kuichunga amana.

Wallahu aalam.