Mguu Mmoja Hewani: Sadaharu Oh na Swali la Nafsi

Ubuddha wa Zen hufundisha kwamba mtu anayejitazama huku akitenda hujikwaa katika tendo lenyewe. Nafsi ikiwekwa kando, mkono hufanya kazi yake bila kizuizi. Fundisho hilo linazaa swali gumu: nafsi ikishaondoka, ni nani anayetenda, na sifa ya tendo ni ya nani? Maisha ya Sadaharu Oh, mchezaji wa besiboli wa Japani aliyekuja kuwa meneja, yanalipima swali hilo uwanjani, mbele ya macho ya watu.

Oh alizaliwa Tokyo mwaka 1940, baba yake Mchina na mama yake Mjapani. Alijiunga na timu ya Yomiuri Giants mwaka 1959 akiwa na sifa kubwa, lakini msimu wa kwanza ulimwaibisha. Jina lake lina maana ya mfalme, na mashabiki wakamzomea kuwa ni mfalme wa kukosa mpira. Kasoro ilikuwa haraka. Mwili wake ulitangulia mbele kabla mpira haujafika, na nguvu zote zikaishia hewani.

Mwaka 1962 alikabidhiwa kwa mwalimu wa upigaji, Hiroshi Arakawa, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido. Arakawa alimwagiza asimame kwa mguu mmoja wa nyuma na kuukunja wa mbele juu, kama heroe ziwani. Anayesimama hivyo hana njia ya kuharakisha: akikimbilia mbele, anaanguka. Mwaka 1961 Oh alikuwa amevusha mpira nje ya ua wa uwanja mara 13. Mwaka 1962 aliuvusha mara 38.

Zoezi lililomjenga zaidi halikuhitaji mpira. Ukanda wa karatasi ulining'inizwa kwa uzi kutoka darini, naye akaupiga kwa upanga wa samurai. Nguvu peke yake haisaidii hapo. Makali yakipinda kidogo tu, upepo wa upanga huisukuma karatasi nayo ikapeperuka nzima. Hukatika pale tu makali, nyonga na pumzi vinapofuata mstari mmoja. Oh alilirudia zoezi hilo usiku baada ya usiku, hadi mwili ukajua usichoweza kuambiwa kwa maneno.

Nyuma ya zoezi hilo kuna falsafa ya zamani. Katika karne ya 17 mtawa wa Zen Takuan Soho alimwandikia bingwa wa upanga Yagyu Munenori kwamba moyo unaoganda mahali pamoja, hata kwenye upanga wa adui, humfunga mwenye nao. Aikido nayo inasisitiza ma, yaani nafasi iliyopo kati ya wawili, ya mahali na ya wakati. Katika besiboli mrushaji na mpigaji hutenganishwa na mita 18.44, na mpira wa kasi huzipita kwa muda usiofika nusu sekunde. Hakuna wasaa wa kutafakari. Anayejiuliza kama atafaulu, mpira umeshampita.

Hata hivyo, mkono mwepesi si ushahidi wa moyo mweupe. Upanga wa Munenori ungeweza kumuua mtu kwa utulivu uleule. Tena michezo huhesabu. Mwaka 1977 Oh alifikisha pigo la 756 la kuvusha ua, akampita Mmarekani Hank Aaron, na alipostaafu mwaka 1980 alikuwa na 868. Kila pigo liliandikwa kwa jina lake. Nafsi inayosemwa kuwa imewekwa kando ilikuwa ikirefushiwa kumbukumbu.

Mtihani ulikuja alipokuwa meneja wa Giants, kazi aliyoifanya kuanzia 1984 hadi 1988. Mwaka 1985 Randy Bass wa Hanshin Tigers alifikisha mapigo 54, moja tu chini ya rekodi ya msimu ambayo Oh aliiweka mwaka 1964. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Giants. Warushaji walimrushia mipira ya mbali, wakampa kituo cha kwanza bure na kumnyima nafasi ya kupiga. Oh alisema hakutoa amri hiyo. Lakini meneja hana gongo mkononi; ana mamlaka, na ukimya wake pia ni tendo. Kuacha kujitazama wakati wa kupiga ni jambo moja. Kuachilia tunda la pigo lililokwisha kupigwa ni jambo jingine, zito zaidi.

Mwaka 1995 alichukua timu ya Hawks ya Fukuoka, iliyokuwa dhaifu. Mwaka uliofuata mashabiki wenye hasira walilitupia mayai basi la timu. Oh alibaki, na Hawks wakatwaa ubingwa wa Japani mwaka 1999 na 2003. Kungoja kwake sasa kulikuwa kungoja wengine wakomae. Mwaka 2013 mpigaji mwingine, Wladimir Balentien, alifikisha mapigo 60 katika msimu mmoja, na ile rekodi ya Oh ya 1964 ikavunjwa.

Katika tawasifu yake ya 1984, Oh anamtaja Arakawa kama aliyemfungulia njia, na anawatazama warushaji kama wenzake katika tendo moja. Hapo ndipo jibu lilipo. Anayetenda nafsi inaponyamaza ni uhusiano mzima: mwalimu, mpinzani, mazoezi na mwili uliozoeshwa. Sifa ya tendo nayo ni ya wote hao, hata kama kitabu cha kumbukumbu kina nafasi ya jina moja tu.