Sauti ya Ndama, Sauti ya Injini

Ndama aliyetengenezwa na Samiri wakati Nabii Musa yuko mlimani alikuwa na sauti. Qur'ani inalitaja jambo hilo katika Sura Al-Aaraf na tena katika Sura Twaha, wala haisemi kwamba watu waliota. Kiwiliwili kilichotokana na mapambo yao kililia kama ng'ombe. Wapo wafasiri walioeleza kuwa ni upepo tu, uliingia huku ukatokea kule.

Kisa hicho hunijia kila ninapofunga dikoda ya sauti, yaani chipu inayoongoza mota na kutoa mlio, kwenye modeli ya kichwa cha treni. Niliyo nayo mezani sasa ni ya SW1500, dizeli fupi ya kupanga mabehewa yadini, iliyoundwa na kampuni ya EMD ya hapa Illinois ninakoishi, kati ya 1966 na 1974. Imepunguzwa mara 160, kwa hiyo haifiki hata sentimita 9. Humo ndani lazima mota itengwe kabisa na fremu, ili umeme wa reli upite kwenye dikoda kwanza: waya mwekundu na mweusi kutoka magurudumuni, wa rangi ya chungwa na wa kijivu kwenda kwenye mota. Chuma kikigusa pasipotakiwa, chipu inaungua. Kisha naipiga fremu tupa hadi ipatikane nafasi ya spika ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, pamoja na kiboksi chake. Kiboksi nakiziba kwa gundi pembe zote, maana hewa ya nyuma ya spika ikikutana na ya mbele zinauana, na mlio unabaki mwembamba kama wa nzi. Hapo ndipo ninapowaelewa wale wafasiri.

Injini halisi ina silinda 12 za mipigo miwili. Ikizunguka mara 900 kwa dakika, inalipua mafuta mara 180 kwa sekunde, na ngurumo nzito kiasi hicho spika yangu haiwezi kuitoa. Hata hivyo mgeni akisikiliza anasema inanguruma. Sikio linapopokea milio ya juu iliyopangana sawasawa, linajijazia lenyewe ule wa chini uliokosekana. Sehemu ya ngurumo ile, basi, anaileta msikilizaji.

Ndiyo maana naona ubaya wa ndama haukuwa katika kulia kwake. Hoja ya Qur'ani ni kwamba hakuwajibu neno, hakuwaonyesha njia, hakuwa na la kuwadhuru wala la kuwafaa. Mengine yote waliyajaza wao, kwa hamu ya kupata mungu wa kutembea mbele yao. Tumefundishwa kwamba usikivu nao utaulizwa. Zamani nilidhani ni kuhusu kusikiliza umbea. Siku hizi naamini ni pamoja na yale ambayo masikio yetu yanayaongeza.

Kwangu mimi, aliyeiweka sauti naye ana lake la kujibu. Mlio uliomo kwenye dikoda umerekodiwa: mtu alisimama na maikrofoni kando ya injini iliyokuwa ikiwaka. Hiyo ni habari iliyopokewa, na wanazuoni wa hadithi walitufundisha kuuliza habari imetoka kwa nani, naye kaipata kwa nani. SW1500 ilitumia injini ya aina ya 645. Dikoda yenye mlio wa 567, ya kizazi cha nyuma yake, ingeingia vizuri tu, na wageni wangu wengi wasingeng'amua. Siifungi. Rafiki yangu mmoja ananiambia hiki ni kitu cha kuchezea, nisijitese. Lakini ninapomwambia mtu kwamba hivi ndivyo ilivyolia, nimetoa ushahidi, na udogo wa kitu hauupunguzi.

Honi ndiyo inayonipa taabu zaidi. Huku Marekani treni ikikaribia makutano na barabara hupiga mbili ndefu, moja fupi, kisha moja ndefu, na aliye barabarani anapaswa kusimama. Mlio huo una amri ndani yake. Wajukuu wanataka kuubonyeza muda wote. Nimewaruhusu kengele na breki wapendavyo, ila honi wanaipiga pale tu reli inapokatana na barabara, kwa mpangilio wake kamili.