Deni la Malezi

Mwaka 1986 bingwa wa soka wa Tanzania Bara alitoka Tukuyu. Tukuyu Stars walikuwa wageni wa ligi, vijana wa mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, mji wa chai, ndizi na mvua za mwaka mzima, na katika msimu wao wa kwanza waliwapita Simba na Yanga wote wawili. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Coastal Union ya Tanga. Mwaka 1999 na 2000 Mtibwa Sugar ya Turiani ikabeba ubingwa mara mbili mfululizo. Tangu hapo kombe la ligi halijavuka mipaka ya Dar es Salaam. Yanga na Simba wamepokezana, na Azam ikaingia kati mara moja tu, msimu wa 2013/2014.

Wapo wanaosema ndivyo mpira ulivyo: mkubwa hula. Mimi sikubali, maana huku Nyanda za Juu Kusini tumeona kwa macho yetu kwamba uwezo haujapungua. Msimu huohuo wa 2013/2014 Mbeya City, timu iliyoanzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji, ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza ya tatu, juu ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulijaa zambarau, rangi ya timu. Kocha alikuwa Juma Mwambusi, na kikosi chake kilikuwa cha vijana ambao majina yao yalijulikana mitaani Mbeya kabla hayajajulikana redioni. Mei 2019 Lipuli ya Iringa iliikaribisha Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Uwanja wa Samora na kuifunga mabao 2-0. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilifika Mbarali ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, na Ihefu, timu ya huko, ikaifunga 2-1. Kwa dakika tisini, timu ya mkoani inaweza kumpiga yeyote. Kinachoishinda ni mechi thelathini, na zaidi ya mechi thelathini, ni wiki zile za usajili zinazofuata baada ya kufanya vizuri.

Baada ya msimu ule wa zambarau, Deus Kaseke alikwenda Yanga mwaka 2015. Mwaka huohuo Mwambusi mwenyewe akaelekea Jangwani, kwa Yanga haohao, kuwa kocha msaidizi. Beno Kakolanya, kipa wa Prisons ya Mbeya, alivaa jezi ya Yanga mwaka 2016. Adam Salamba alitoka Lipuli kwenda Simba mwaka 2018 na kukuta mbele yake wamesimama Okwi, Bocco na Kagere. Mshambuliaji aliyekuwa tegemeo la Iringa akawa mtu wa kusubiri benchi. Eliud Ambokile alikuwa akifunga karibu kila wiki kwa Mbeya City nusu ya kwanza ya msimu wa 2018/2019, na dirisha dogo lilipofunguliwa alikwenda Black Leopards ya Afrika Kusini, kisha TP Mazembe. Lipuli, waliocheza fainali ya kombe mwaka 2019, walishuka daraja mwaka 2020. Mbeya City walishuka mwaka 2023.

Hakuna hata mmoja kati ya vijana hao ninayemlaumu, na hili nataka lieleweke kabla sijaenda mbali. Uhai wa mchezaji uwanjani ni miaka kumi, kumi na miwili akibahatika, na goti likichanika ni pungufu ya hapo. Klabu nyingi za mikoani huchelewesha mishahara. Kuna mchezaji anayemaliza msimu akidai miezi kadhaa, na mwenye nyumba wake hana habari na msimamo wa ligi. Kumwambia kijana kama huyo kwamba akienda Dar amekosa shukrani ni kumbebesha yeye peke yake mzigo ambao mji mzima umeshindwa kuubeba.

Wamarekani wameipigania haki ya mchezaji kuhama kwa muda mrefu kuliko sisi, katika mchezo wao wa besiboli. Kwa miongo mingi mchezaji wao alifungwa na klabu moja hata mkataba wake ulipokwisha. Angeweza kuuzwa mji wowote bila kuulizwa. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis, alikataa kuuzwa Philadelphia. Alikwenda mahakamani, akashindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1972, na wakati huo maisha yake ya uwanjani yalikuwa yameshaisha. Mwishoni mwa mwaka 1975 mwamuzi wa migogoro akaamua, katika kesi ya wachezaji wengine wawili, kwamba mkataba ukiisha umeisha. Leo vinara wa mchezo huo hulipwa mamia ya mamilioni ya dola. Flood alikuwa sahihi. Mtu si shamba la kurithishana.

Lakini uhuru huo ulipofika, miji midogo ikaanza kulia, na kilio chao kinafanana sana na cha Mbeya. Mwaka 2002 klabu ya Oakland ililipa kikosi chake kizima kama dola milioni 40, huku Yankees wa New York wakilipa zaidi ya mara tatu ya hizo. Wale Oakland walikuwa mafundi wa kugundua vipaji. Walilea, wakashinda mechi nyingi, mikataba ikaisha, na vipaji vikaondoka kwenda kwenye pesa.

Kwetu tofauti ya pesa inaonekana hata kwenye vifua vya jezi. Mwaka 2022 Simba ilisaini na kampuni ya kubashiri ya M-Bet mkataba wa shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano, na Yanga ikasaini na SportPesa bilioni 12.3 kwa miaka mitatu. Ukigawanya, Simba ilipata zaidi ya bilioni tano kwa mwaka kwa jina la kifuani pekee. Mwaka mmoja kabla ya hapo, benki ya NBC ilipoingia kudhamini Ligi Kuu yote, timu zote kumi na sita, kiasi kilichotangazwa kilikuwa bilioni 2.5 kwa mwaka. Fedha za Azam TV, mkataba wa bilioni 225.6 kwa miaka kumi uliotiwa saini mwaka 2021, zimesaidia kila timu kupanda basi na kulala hotelini, na nazitambua. Ila sehemu ya fedha hizo hufuata nafasi kwenye msimamo, kwa hiyo aliye juu huongezewa cha kumbakiza juu.

Katika hali hiyo, timu ya mkoani inaandika mikataba ya namna gani? Mifupi. Uongozi usiojua kama mfadhili atabaki mwakani, usiojua hata daraja watakalocheza, hauthubutu kumwahidi mtu mishahara ya miaka minne. Unampa mwaka mmoja, ukijikaza miwili. Na kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine miezi sita ya mwisho wa mkataba wake. Kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja, kwa hesabu hiyo, yuko sokoni tangu katikati ya msimu wake wa kwanza. Akifunga mabao kumi, simu zinaanza. Msimu ukiisha ni mchezaji huru, anapokea pesa yake ya usajili, anapanda basi, na klabu iliyomtoa gizani haipati hata nauli. Umaskini unazaa mkataba mfupi, mkataba mfupi unaondoa mchezaji bure, na kuondoka kwake bure kunaurudisha umaskini.

Mkulima wa viazi wa Uyole au Isyonje hahitaji kufundishwa hesabu hii. Anaijua kwa jina la lumbesa: gunia linashonewa kilemba juu, linajazwa hadi linavimba, kisha linalipiwa kama gunia moja. Sheria inakataza, na kila mwaka viongozi hukemea, kwa sababu kila mtu anaona kwa macho kile kilichozidi. Katika usajili wa mchezaji kilichozidi hakionekani. Mnunuzi analipia mabao ya msimu uliopita. Halipii mwalimu wa shule ya msingi aliyenunua mpira kwa mshahara wake, wala mama aliyefua jezi kumi na moja, wala kocha wa mtaani aliyemfuata kijana nyumbani kwao kumwomba baba asimpeleke machimboni Chunya.

Wakubwa nao wakiguswa, tunaona jinsi wanavyolia. Desemba 2022 Feisal Salum alitaka kuondoka Yanga, akaweka fedha kwenye akaunti ya klabu akiamini kwamba amevunja mkataba. Yanga ilikataa, na mamlaka za soka zikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wake. Nchi nzima ilijadili suala hilo kwa miezi, na Juni 2023 Rais Samia alilitaja Ikulu mbele ya Yanga wenyewe, akiwataka walimalize. Likamalizika kwa kijana kwenda Azam. Yanga walikuwa na haki ya kudai walichodai. Nauliza tu ni lini mchezaji aliyeondoka Sokoine au Samora aliwahi kujadiliwa hata kwa wiki moja, na nani alikaa mezani kuuliza mji uliomlea unastahili nini.

Nimeutaja mji kwa makusudi, kwa sababu Mbeya City ni ya Halmashauri. Hapa tafakari inakuwa ngumu, na sioni njia ya mkato. Je, diwani anayeombwa vitanda vya zahanati apige kura ya kuongeza mshahara wa mshambuliaji asihamie Dar? Mimi ningekuwa diwani ningepigia kura vitanda. Na bado najua kwamba ule msimu wa zambarau uliwapa watu wa Mwanjelwa, Uyole na Mbalizi kitu ambacho bajeti haina kifungu chake: kusikia jina la kwao likitajwa kila Jumamosi kwa heshima. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba suluhisho ni halmashauri ishindane kwa pesa na matajiri. Haitaweza, na haipaswi.

Jirani zao Prisons wamejibu kwa namna nyingine. Ni timu ya Jeshi la Magereza, na baadhi ya wachezaji wake ni askari: wana ajira, wana mshahara wa serikali, wana pensheni mbele yao. Wapo waliokaa hapo miaka mingi wakati wenzao wa klabu nyingine wakibadilisha jezi kila msimu. Pesa ni ndogo ila haichelewi, na mpira ukiisha kazi inabaki. Ninaiheshimu sana njia hiyo. Inaonyesha kwamba mchezaji akiuliza swali la uhamisho, mara nyingi anauliza kuhusu uhakika kabla ya kuuliza kuhusu utajiri. Kuna klabu zingebaki na vijana wao mwaka mmoja zaidi kwa kulipa tarehe 30 tu.

Wapo wanaoamini kwamba fedha za pamoja zikigawanywa sawa tatizo limekwisha. Marekani wamejaribu: kila klabu ya besiboli huweka karibu nusu ya mapato yake ya nyumbani kwenye chungu kimoja, yanagawanywa sawa, na anayezidisha mishahara hutozwa kodi. Hata hivyo mwaka 2018 chama cha wachezaji kililalamika rasmi kwamba klabu nne, Oakland ikiwamo, zilipokea mgawo bila kuutumia uwanjani kama ilivyopasa. Nasi tukigawana, tutawajibika kuonyesha hesabu. Septemba 2024 Oakland walicheza mechi ya mwisho nyumbani; mwenye klabu ameihamisha. Mwaka huohuo Ihefu, waliovunja rekodi ya Yanga, walishahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Mashabiki wa Mbarali walikuwa wamezoea kupoteza mchezaji mmojammoja. Safari hii waliondokewa na timu yenyewe.

Ninachokidai ni kidogo kuliko usawa. Nadai deni la malezi lilipwe na anayevuna. Kwa uhamisho wa kimataifa deni hilo lina sheria: asilimia tano ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23, na ipo fidia ya mafunzo hata kama ameondoka akiwa huru. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kukusanya na kulipa fedha hizo. Kwa uhamisho wa ndani, kutoka Iringa kwenda Dar, FIFA imeliachia kila shirikisho, huku ikilitaka liwe na utaratibu wake wa kuzitunza klabu zinazolea vijana. Hapo ndipo TFF, shirikisho letu, inapaswa kusukumwa: sehemu ya kila pesa ya usajili, hata ya mchezaji huru, irudi alikotoka.

Na sisi tuna la kufanya kabla ya wao. Malipo hayo hufuata kumbukumbu za usajili: mchezaji alikuwa wapi akiwa na miaka 12, 14, 17, na klabu gani ilimsajili. Vijana wetu wengi huanzia timu za mitaa ambazo hazijasajiliwa popote, wanacheza mashindano ya kata kwa majina ya utani, na wanapofika Ligi Kuu miaka yao saba ya mwanzo haimo kwenye karatasi yoyote. Hata sheria ikiwa nzuri kiasi gani, hakuna wa kumlipa. Mbeya City wamerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/2026 na watoto wamejaa tena viwanjani, kutoka Ruanda ya Mbeya hadi Kihesa ya Iringa. Vyama vya mikoa na wilaya vinaweza kuanza mwaka huu kuzisajili timu hizo bila ada za kuzifukuza, kuandika kila mtoto kwa jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa, na kuziingiza taarifa hizo kwenye mfumo wa TFF kabla dirisha lijalo halijafunguliwa.