Asali na Mrinaji

Neno asali tumelipata kwa Waarabu. Nyuki ni wetu. Mnyarwanda na Mrundi husema inzuki, na utamu wa wadudu hao wakauita ubuki. Msukuma naye husema buki. Kwao mdudu na kazi yake wanatoka katika mzizi mmoja. Sisi wa Kiswahili tumebaki na nyuki wa mababu, tukaupa utamu wake jina lililokuja na majahazi.

Silioni hilo kuwa dosari. Neno lenyewe lilikuja na heshima yake. Sura ya 16 ya Kurani, An-Nahl, imepewa jina la nyuki, na aya yake ya 69 inataja kinywaji cha rangi mbalimbali kinachotoka matumboni mwao, chenye tiba kwa watu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za pwani asali ni dawa kwanza, chakula baadaye: kijiko kimoja na habasoda, kifua kikibana.

Ninachokihofia ni kwamba jina la sokoni linaweza kutusahaulisha msitu. Kule Tabora, kwenye miombo, mizinga hutundikwa juu mitini, na mtu hupanda na moshi wake usiku. Kazi hiyo ina kitenzi chake: kurina. Halisemwi hivyo zao la shambani. Asali ndiyo yenye neno hilo, na nadhani ni haki yake.

Hata majina marefu nayapenda, asali ya miwa, asali ya tende, kwa kuwa yanakiri asili yake. Anayechemsha sukari na maji kisha akaviita asali tupu, amemdhulumu mnunuzi, na amemdhulumu mrinaji zaidi, maana amelifanya jasho lake lionekane ghali bure.

Mrinaji mwema haukombi mzinga. Huwaachia nyuki masega ya kuishi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mzinga pia. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio maalumu ndege anayewaonyesha nyuki walipo, na wakishapata asali humwachia masega ya nta, kwa kuwa nta ndiyo chakula anachokitafuta. Ndege yule ana fungu lake. Nikinunua asali mjini huuliza imerinwa wapi na nani. Mkoa hutajwa upesi. Jina la mtu, mara nyingi, silipati.